Kuongeza besi kwenye pikapu bila kung'oa redio ya kiwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya huja kwa wingi msimu wa korosho ukichangamka, watu wakishalipwa. Karibu yote yanaanza hivi: "Fundi, nataka sabufa." Na karibu kila mara mimi huanza kwa kufungua mlango wa gari. Besi ya pikapu inapotelea mlangoni kabla ya kupotelea mahali pengine popote, na kutengeneza mlango ni kazi ya bei ndogo kuliko sabufa yoyote. Sabufa ina nafasi yake, nitaieleza, lakini ije kwa zamu yake.

Kwa nini redio iliyokuja na gari haina besi?

Kuna sababu tatu, na zote ziko kwenye gari lako kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni nguvu. Hata kama usoni imeandikwa wati 50 mara nne, redio ya kawaida ya gari inatoa wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Kwa volti 14 na spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haiwezi kutoa zaidi ya hapo kwa usafi, kwa sababu ndani yake hakuna kifaa cha kupandisha volti.

Ya pili ni spika zenyewe: sumaku ndogo, karatasi nyepesi, fremu ya plastiki. Mtengenezaji alitaka zisikike kwa nguvu ndogo, na kwa sauti ya mtangazaji zinafanya kazi nzuri. Chini ya hezi 70 hivi zinachoka; kadiri hezi zinavyopungua ndivyo sauti inavyokuwa nzito.

Ya tatu ndiyo kubwa. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja. Ikisukuma mbele, nyuma inavuta. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kukutana na ya mbele, zinafutana, na zinazofutana zaidi ni zile sauti nzito. Sasa fungua kava la mlango uone: bati la ndani limejaa matundu makubwa ya kupitishia mkono wa fundi wa vioo. Kiwandani matundu hayo yalifunikwa kwa karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Kwenye magari mengi ya huku ile nailoni haipo. Siku mashine ya kioo ilipoharibika ilichanwa, kazi ikaisha, kava likarudishwa, nayo ikatupwa. Tangu siku hiyo mlango hauna besi, na maji ya mvua yanaingia ndani kulowanisha kapeti.

Gari likisimama nasikia besi vizuri. Nikiingia barabarani inaisha. Tatizo ni spika?

Hapana, ni kelele za gari. Muungurumo wa tairi, dizeli na upepo umejaa sauti nzito, nyingi chini ya hezi 200, mahali palepale besi inapokaa, kwa hiyo unaimeza. Kwenye lami ya Mingoyo kwenda Masasi utavumilia. Kwenye changarawe ya kuelekea Liwale utasikia trebo peke yake. Tairi za matope zinaongeza tatizo. Raba za milango zilizochoka nazo zina mchango, na kuzibadilisha kunasaidia muziki kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu anayesafiri sana ndiyo maana sabufa inahitajika: si kwa kutikisa mtaa, ni kwa kuisikia tu gari likiwa mwendoni.

Nianze na nini kabla ya kutoa hela yoyote?

Hakikisha spika zote zinasukuma upande mmoja. Kama ya kushoto inatoka nje wakati ya kulia inaingia ndani, besi inafutika katikati ya kabini na utalaumu redio bure. Gari likishapita kwa mafundi kadhaa, nyaya hugeuzwa mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Kipimo chake ni betri ndogo ya tochi ya volti 1.5. Chomoa plagi ya spika kwanza, kwa sababu betri haitakiwi kugusa waya ambao bado umeungana na redio. Kisha gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, mguso mfupi tu. Tazama karatasi ya spika: inatakiwa kuruka kuelekea kwako. Ikizama ndani, alama zimegeuzwa. Baada ya hapo fuatilia rangi za waya kutoka redio hadi kila spika.

Kama hutaki kufungua mlango, weka balansi katikati, fungulia wimbo wenye besi ya wazi, halafu mwambie fundi ageuze nyaya za spika moja tu ya mbele nyuma ya redio. Ukisikia besi imeongezeka, iache hivyohivyo.

Nikipandisha besi kwenye redio hadi mwisho inakwaruza. Kwa nini?

Kupandisha besi kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kunahitaji nguvu mara mbili. Desibeli 6 ni mara nne. Redio yenye wati 15 ukiidai besi ya ziada ya desibeli 6 katika sauti kubwa, unaidai wati 60 ambazo haina. Inachofanya ni kukata vichwa vya mawimbi, na huo ndio mkwaruzo. Ukiendelea hivyo spika zinaungua.

Angalia pia kama besi imepandishwa mara mbili, kwenye simu na kwenye redio. Zima ekwaliza ya simu, acha ya redio peke yake. Halafu jaribu kitu kinachoonekana cha ajabu: punguza trebo na sauti za kati hatua mbili, besi iache sifuri, kisha ongeza sauti ya jumla. Uwiano unakuwa uleule bila kuinyonga redio.

Mlango unazibwaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi ilipo.

Toa kava, osha bati kwa sabuni, likauke, kisha lifute kwa spiriti. Vumbi jekundu la Newala na Nachingwea linaingia kila mahali, na gundi haishiki juu ya vumbi. Funika matundu makubwa kwa kipande cha alumini chembamba au plastiki ngumu, juu yake bandika shiti za mpira wa butili zenye uso wa foili, unene wa milimita 2 hivi. Zigandamize kwa rola ndogo hadi alama za foili zilale. Bandika nyingine kwenye bati la nje kwa ndani, nyuma ya spika. Huna haja ya kulifunika lote: robo ya eneo inatosha kuua mlio wa bati. Ukigonga kwa kidole kabla na baada, utasikia tofauti. Mlio wa debe unageuka kishindo kifupi, kikavu.

Usitumie shiti za lami za kuezekea nyumba. Ni za bei rahisi, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini gari likianikwa juani ndani yake joto hupita nyuzi 50 na bati la mlango hupita hapo. Lami inalainika, inateleza, inanuka, mwisho inashika kioo.

Kati ya spika na mlango weka ringi imara. Plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote inafaa. Ya plastiki nene inafaa zaidi kwa sababu hailowi. Mbele ya spika zungusha sponji hadi iguse kava, ili sauti itoke kwenye wavu, isizurure nyuma ya kava. Vibanio vilivyovunjika vya kava nunua vipya, ni vya bei ndogo, na bila hivyo kava litalia.

Mambo mawili usiyaguse. La kwanza ni vitundu vya chini ya mlango vya kutolea maji: ukiviziba, mlango utaoza kwa kutu, na kwa hewa ya chumvi ya Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko hautachukua muda. La pili ni sensa za mfuko wa hewa wa pembeni. Baadhi ya magari mapya yana sensa ya mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, na kuziba matundu ya mlango huo kunaweza kuiharibia hesabu yake. Gari lako likiwa na mifuko ya hewa ya pembeni, uliza kwanza kwa wanaolijua gari hilo.

Nimenunua spika mpya za bei, besi imepungua badala ya kuongezeka. Nimeuziwa feki?

Si lazima. Spika nyingi za dukani ni nzito na ngumu kuliko za kiwandani, zimetengenezwa kwa ajili ya amplifaya. Ukizipa wati 15 za redio hazichangamki. Ukitaka zifanye kazi na redio peke yake, tafuta zenye usikivu mkubwa, yaani zinazotoa sauti kubwa kwa nguvu ndogo, desibeli 90 na kuendelea. Angalia na omu: redio ya kawaida inataka 4. Ipo mifumo ya kiwandani yenye amplifaya yake inayotumia spika za omu 2, lakini ukifunga za omu 2 kwenye redio iliyotengenezwa kwa 4 utaikaanga. Pima kwa malitimita kabla ya kununua. Spika ya omu 4 itasoma kama 3.2 hadi 3.8.

Na tafadhali, mlango uwe umeshazibwa. Spika mpya kwenye mlango wenye matundu ni spika mpya isiyo na besi.

Pikapu haina buti. Sabufa itakaa wapi?

Kwenye dabo kabini, chini ya kiti cha nyuma au nyuma ya mgongo wake. Pima kwanza, maana kwenye Hilux nyingi jeki na vifaa vyake viko hukohuko. Sabufa nyembamba yenye amplifaya ndani yake, ya inchi 8, urefu wa kwenda juu wa sentimita 7 hadi 10, huwa inaingia. Kwenye singo kabini nafasi iliyopo ni nyuma ya viti au chini ya kiti cha abiria, basi.

Usidharau udogo. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa mita 7 hivi, na kabini nzima haifiki mita 3. Chumba kidogo namna hiyo kinaongeza chenyewe sauti za chini, na kadiri kabini ilivyo fupi ndivyo msaada huo unavyoanzia kwenye hezi za juu zaidi. Sabufa ya inchi 8 ambayo sebuleni ungeiona ya mtoto, ndani ya pikapu iliyofungwa vioo inashiba. Kwa sababu hiyohiyo usiweke sabufa nyuma kwenye bodi la mizigo. Kule ni uwanja wazi, msaada wa kabini haupo, na mvua ipo.

Boksi la kuchongesha au sabufa ya kununua ikiwa kamili?

Kwa pikapu ya kazi ninapendekeza iliyo kamili, yenye amplifaya ndani. Boksi la kuchongesha linashinda kwa nguvu, na huku hatuna uhaba wa maseremala wazuri. Ukichagua hilo, mwambie seremala atumie plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu, viungo vizibwe kwa silikoni ndani, kisha liachwe likauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa. Ubao wa unga wa mbao uuepuke: unakunywa unyevu wa pwani na kuvimba pembeni. Sabufa nyingi za inchi 10 zinaridhika na lita 15 hadi 25 kwenye boksi lililozibwa, lakini fuata karatasi ya mtengenezaji.

Vijana huuliza boksi lenye tundu au lililozibwa. Inategemea unasikiliza nini. Singeli inakimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Kwenye mapigo 220, kati ya pigo na pigo kuna kama robo sekunde. Boksi lenye tundu linaendelea kuvuma baada ya pigo, na mapigo yanapandana. Lililozibwa linanyamaza haraka, kila teke linasikika peke yake. Kwa dansi na taarabu, ambako besi inatoka kwenye gitaa na uzi wake mnene hutoa hezi 41, tundu lililopigiwa hesabu vizuri linapendeza. Ukiniuliza mimi, pikapu ni boksi lililozibwa. Ngoma za sindimba nilizozisikiliza kwenye boksi la aina hiyo zilisikika hadi ngozi.

Redio ya kiwandani haina matundu ya kuchomekea amplifaya. Itaungwaje?

Kwa nyaya za spika. Sabufa nyingi zenye amplifaya ndani zina kiingilio cha waya wa spika. Isipokuwepo, nunua kibadilishi kidogo cha kushusha sauti ya spika iwe ya kiwango cha amplifaya. Fundi asiunganishe hasi ya spika na bodi la gari hata kwa bahati mbaya. Redio za leo zinasukuma kwenye nyaya zote mbili za spika, na ukiigusisha moja na bodi, chipu ya redio inaweza kuungua.

Waya wa kuwashia amplifaya, kama sabufa haijiwashi yenyewe ikisikia muziki, uchukue kwenye fyuzi inayopata umeme funguo ikigeuzwa. Ukiuchukua moja kwa moja kwenye betri, asubuhi gari haliwaki.

Baadhi ya redio za magari mapya hupunguza besi zenyewe sauti ikipanda, kulinda spika. Hapo hata sabufa itapungua, kwa sababu inapokea kilekile. Kwa magari hayo kitufe cha mbali cha sabufa kinasaidia sana.

Fundi wa mtaani kaniambia waya wa nyumba unatosha. Ni kweli?

Hapana, na hili linaweza kuchoma gari. Chukua amplifaya inayovuta ampea 25. Kwenye waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani, urefu wa mita 5, unapoteza karibu volti 1.5, na waya wenyewe unatoa joto la wati 36 chini ya kapeti. Kwenye waya wa milimita 8 unapoteza robo ya volti tu. Kwa sabufa ya chini ya kiti, milimita 8 hadi 10 zinatosha. Kwenye kiberiti cha gari usichukue umeme wa amplifaya; fyuzi yake ni ya ampea 10 au 15.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45. Ikikaa karibu na amplifaya, kipande kirefu chote kinabaki bila ulinzi, na kinapita kwenye bati lenye makali. Kila tundu la bati livalishwe raba.

Waya wenyewe uukague. Nyingi zinazouzwa kwa jina la shaba ni alumini iliyopakwa shaba, na zinapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu taratibu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini. Ukiona wekundu ndani ya weupe, ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo ndiyo bora kuliko zote kwa pwani, kwani chumvi haiili haraka.

Hasi ya amplifaya: kwangua rangi na kutu hadi bati ling'ae, kaza bolti, kisha paka grisi au rangi juu. Kazi ya hasi iliyofanywa juu ya rangi ndiyo chanzo cha milio mingi ya "wiii" inayopanda na mzunguko wa injini. Ikiwa hasi ni safi na mlio bado upo, tenganisha njia: nyaya za sauti zipite upande wa pili wa gari, mbali na waya wa betri.

Land Cruiser yangu ina betri mbili. Nichukue umeme kwenye moja?

Pima kwanza. Yapo magari ambayo betri mbili zimeungwa kupata volti 12, na yapo yaliyoungwa kupata 24. Kama ni 24, usichukue kwenye betri moja, maana hiyo itaishiwa na nyingine itajazwa kupita kiasi, zote zitakufa. Tumia kishusha volti chenye ampea za kutosha.

Sabufa imeandikwa wati 3000 na bei ni ndogo. Niichukue?

Tazama fyuzi yake. Fyuzi ya ampea 30 kwa volti 13.8 inaruhusu wati 414 kuingia, na kitu hakiwezi kutoa kuliko kinachoingia. Tafuta wati za kudumu kwenye karatasi yake, siyo namba kubwa ya juu ya boksi. Ukiagiza Kariakoo, mwambie muuzaji akupigie picha ya fyuzi na ya plagi kabla mzigo haujapanda basi. Kutoka Mtwara, kurudisha kitu Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550.

Imeshafungwa. Nairekebishaje?

Redio weka besi na trebo sifuri, sauti robo tatu. Kwenye sabufa weka kichujio hezi 80, ipitishe sauti za chini ya hapo tu, na gaini, yaani kiasi cha kukuza sauti, chini kabisa. Pandisha gaini polepole hadi besi ianze kuchafuka, kisha rudisha nyuma kidogo. Kaa kiti cha dereva, funga vioo, geuza swichi ya fezi (upande ambao sabufa inaanza kusukuma) sifuri na 180, chagua inayojaza zaidi. Besi ikionekana inatoka chini ya kiti badala ya mbele, shusha kichujio kidogo.

Spika za milango sasa zipumzishe na sauti za chini. Redio ya kiwandani mara nyingi haina kichujio cha kuzikata, lakini kapasita isiyo na upande (isiyo na chanya wala hasi) ya mikrofaradi 400 hivi kwenye waya wa chanya wa spika ya omu 4 inakata kuanzia hezi 100 kushuka chini. Utaweza kuongeza sauti bila mkwaruzo.

Naweza kupiga muziki injini ikiwa imezimwa?

Ndiyo, kwa kipimo. Betri iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6. Ikifika 12.2 ni kama nusu, washa injini.

Gari limetoka Japani na redio haishiki stesheni nyingi. Si bora niitoe tu?

Kama hilo linakukera, itoe. Redio za soko la Japani huishia 90 au 95, na huku stesheni zinafika 108. Ukibadilisha, chukua yenye kichujio na matundu ya sabufa. Kazi yote ya milango inabaki na faida yake.

Amplifaya chini ya kiti itastahimili vumbi na maji?

Inyanyue sentimita mbili kwa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, na waambie vijana wa kuosha magari wasimwage maji ndani. Kama unabeba samaki na viatu vinaingia na maji, ipeleke nyuma ya kiti.

Kuna sheria ya sauti?

Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake zinagusa kelele, na mamlaka ya taifa ya mazingira inazisimamia. Kwa masikio yako mwenyewe, Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama. Ukipita penye msiba, msikiti wakati wa swala, au shule, zima. Watu wa hapa watakukumbuka kwa hilo kuliko kwa sabufa.

Nikiuza gari nitatoaje vitu vyangu?

Usikubali plagi ya kiwandani ikatwe. Zipo plagi za kati za kuunganisha redio za Toyota, Nissan, Isuzu na nyingine bila kugusa waya wa gari. Spika za zamani zifunge kwenye nailoni na vibanio vyake, uziandike kushoto na kulia, uziweke nyumbani mahali pakavu.